Kwa Nini Sadia Tuye Alitoboa Mapipa

Mimi sikumpenda Sadia Tuye. Naanza na hapo ili mtu asije akasema namsifu kwa sababu ni rafiki yangu. Kwa miaka minne nilimwona mwanamke mchoyo, tena mchoyo wa aina mbaya, yule anayeharibu kitu ili mwenzake asikipate. Nilimsema sokoni, nilimsema kwenye harusi, na siku moja, Mungu anisamehe, nilimsema matangani wanaume wakiwa bado hawajarudi kutoka makaburini.

Jina langu ni Ubah. Nauza maziwa ya ngamia hapa Isiolo, kama mama yangu Zeinab alivyouza kabla yangu, na kwa mwuza maziwa chombo ndicho kazi yenyewe. Ngamia ni wa watu, barabara ni ya serikali, jua ni la Mungu. Chako wewe ni mtungi. Maziwa yanatoka malishoni alfajiri, yanasafiri juu ya gari saa nne, tano, na joto letu mnalijua. Mtungi ukiwa na uchafu hata kidogo, unafungua kifuniko mbele ya mteja na unachomwonyesha ni aibu.

Sasa hebu fikiria. Pale kituo cha maji, juu kidogo ya mji, huletwa mapipa meupe ya plastiki. Pipa lenyewe mdomo wake ni mpana, mkono unaingia mpaka begani. Kifuniko ni cha buluu, cha kuzungusha, na ndani yake kuna mpira. Liviringishe kutoka hapa mpaka Oldonyiro na halitavuja tone. Ndani mna unga wa klorini, ile sisi tunaita dawa ya maji. Unga ukiisha pipa linabaki, zima, zuri, linang'aa. Na Sadia Tuye, mtunza stoo, alikuwa analichukua pipa kama hilo, analisuuza mara tatu, halafu anashika drili ya mkono na kulitoboa. Si tundu moja, ni manane au tisa, chini na ubavuni, mpaka linakuwa chujio. Mji mzima ulimwita Mama Matundu.

Kwa nini? Swali hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, na mimi samaki sili. Nilimwuliza kila mtu. Mmoja alisema ni amri ya wakubwa, mwingine kwamba anaogopa tutayauza, na jirani yetu mmoja, mtu mzima na ndevu zake, alisema ndani ya mapipa hayo huwa kunabaki jini. Nilimwuliza Sadia mwenyewe siku moja tulipokutana kwenye nyanya. Akasema ni kwa usalama, akaendelea kuchagua nyanya. Usalama! Hapa kwetu kila mtu anayetaka kukunyima kitu hulitaja neno hilo, kuanzia askari wa kizuizini mpaka yule wa benki. Nikaenda zangu nikiwa nimevimba.

Nitawaambia sasa kuhusu mama yangu, kwa sababu bila yeye hamtaelewa.

Hooyo, ndivyo sisi Wasomali tunavyomwita mama, ndiye aliyekuwa pua ya soko la maziwa. Sisemi kwa kujigamba. Ulikuwa unamletea mtungi mtupu, anaunusa akiwa amefumba macho, anakuambia ulifukizwa kwa mti gani, juzi au jana, na kama aliyeufukiza alikuwa na haraka. Maana sisi vyombo vya maziwa tunavifukiza. Ni kazi ya bibi zetu, Wasomali kwa Waborana. Unachukua kijiti cha ejersa, ule mzeituni wa porini, unakichoma mpaka kiwe kaa jekundu, unakiingiza chomboni, unafunika, unatikisa. Moshi unaua uchafu na maziwa yanapata ladha inayomfanya mteja arudi. Maji kwetu hayakuwahi kutosha, kwa hiyo moshi ndio uliokuwa sabuni.

Shida ni plastiki. Vyombo vya zamani vya mti na vya kusuka vilimeza makaa mazima. Mtungi wa plastiki ukiuwekea kaa unatoboka, kwa hiyo tunaupa moshi wa mbio tu: kijiti kinaingia, kinatoka. Hooyo aliudharau moshi huo. Alisema ni kama kumsalimia mtu bila kusimama. Tangu nikiwa msichana nilimsikia akitamani chombo kikubwa, chepesi, kisichovunjika, ambacho kingekubali makaa.

Basi. Kulikuwa na bawabu pale kituoni, Mturkana mmoja kutoka Ngaremara, Lochoro, mtu mpole mwenye watoto wengi. Alikuwa mteja wangu. Wiki moja pampu ya mji iliharibika na mabomba yakakauka siku mbili. Siku ya pili jioni nilimpelekea Lochoro lita mbili za maziwa mabichi, nikamwambia sitaki pesa, nataka pipa moja kabla Mama Matundu hajaligusa. Alikataa. Nikakaa chini langoni kama mtu asiye na kwao. Nikamwambia kwani mapipa ni ya baba yake Sadia? Mwishowe akaingia ndani akatoka na pipa chini ya koti la mvua, na mvua yenyewe haikuwapo tangu Aprili. Akaniambia ni tupu, nisimtaje. Sikuuliza kama limesuuzwa. Mimi, ambaye huuliza kila kitu, hilo sikuuliza.

Nyumbani Bulla Pesa nililiweka mbele ya Hooyo kama mtu aliyeleta posa. Alilipapasa, akalinusa, akakunja uso. Alisema harufu ya dawa ni kali lakini moshi wa kutosha utaiondoa. Chini, kwenye kona za ndani, kulikuwa na unga mweupe uliogandamana, kama chumvi kwenye kona za kopo, ungejaa kikombe. Na ubavuni palibandikwa karatasi yenye alama ya manjano, umbo la pembe nne lililosimama kwa ncha yake. Katikati ya alama kulikuwa na duara, na juu ya duara mwali wa moto.

Niliitazama picha ile. Duara, na moto juu yake. Mdomo wa chombo, na kaa. Kwa macho yangu mimi, binti ya Zeinab, ingeweza kuwa kitu gani kingine?

"Hooyo, tazama," nikasema. "Wameandika wenyewe. Chombo hiki kinakubali moto."

Alivyofurahi! Alicheka mpaka akajishika mbavu. Akasema kumbe huko viwandani kuna mtu mwenye akili, aliyewauliza wanawake kabla ya kutengeneza kitu. Akasema kesho akimaliza chai atalifukiza kwa makaa, makaa kamili, kama alivyofundishwa na mama yake.

Na mimi asubuhi yake nikaenda kituoni kutafuta la pili. Tamaa mbele, mauti nyuma, wahenga hawakukosea. Lakini haki ya Mungu haikuwa tamaa peke yake. Nilikuwa nimelishika pipa lile, nikaona lilivyo zima na zuri, na swali likaniwasha kuliko jana yake: mwanamke mwenye akili timamu anawezaje kulitoboa? Nilibeba chupa ya chai ya maziwa ya ngamia ili nimlainishe.

Pampu ilikuwa imetengenezwa alfajiri ile, na Sadia alikuwa anatayarisha dawa. Alinisalimia salaam aleikum, nikamjibu. Hakunifukuza. Alinionyesha mstari mwekundu uliopakwa sakafuni mlangoni, akasema chai ibaki nje, mkoba ubaki nje, na kama nina kiberiti au nimejipaka mafuta mikononi nisivuke. Niliangalia mikono yangu. Sikuvuka. Nikasimama pale kama mtoto wa shule, nikatazama.

Jamani, sijawahi kuona mtu akifanya kazi vile. Sadia ana miaka hamsini na kitu, mnene kidogo, na nje hutembea kwa kuyumba kwa sababu ya goti. Lakini mle ndani hakuna kilichoyumba. Alivaa aproni ya mpira, glavu ndefu, miwani ya kufunga juu ya miwani yake ya kusomea, na kinyago chenye vichujio viwili mashavuni. Mtandio aliukunja wote ndani, hata uzi haukuning'inia. Mapipa yaliyojaa hayakukaa juu ya mbao wala karibu na ukuta wa jua. Sikuona gunia wala kadibodi wala ufagio wa nyasi. Dizeli ya jenereta nilikuwa nimeiona upande mwingine kabisa wa uwanja, nikidhani ni uvivu wa mtu. Alikuwa na kijiko kimoja kikubwa cha plastiki chenye utepe mwekundu, na hakikuingia mahali pengine popote. Kabla ya kukitumia alikigusa kwa kidole kikavu, kuona kama kina unyevu. Halafu alichota unga na kuutia polepole kwenye tangi lenye maji.

Nilimwuliza kwa nini asiweke unga kwanza, maji baadaye, kama watu wanavyokoroga uji wa mtoto. Alisema hapo ndipo watu wanapoumia: unga mwingi ukipata maji machache unachemka na kukurukia usoni, lakini maji mengi yanaumeza. Nikauliza na hili, nikauliza na lile. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumwuliza, kwa sababu alianza kujibu kabla sijamaliza. Alinieleza alivyotoka Garba Tulla akiwa mjane mwenye mtoto mmoja, akaajiriwa hapo kufagia. Stoo ilikuwa haina mwenyewe. Alisoma maandishi ya kwenye mapipa kidogokidogo kwa msaada wa kamusi ya mwanawe, mpaka siku moja mkubwa wa kituo akamkuta anamsahihisha mwanamume aliyeletwa kutoka Nairobi. Akapewa funguo.

Alipofunga pipa na kuosha glavu alitoka nje, akavua kinyago, akakubali chai. Hapo nikaona nafasi yangu.

"Sasa niambie, dada Sadia. Hii dawa ni sumu?"

Alisema ukiivuta ndiyo, inachoma pua na kifua, lakini hilo silo analoliogopa zaidi. Nikauliza kama inaungua. Akasema hapana, unga wenyewe hauungui. Nikacheka. Nikamwambia basi kelele za nini, kitu hakiungui na wewe unanikagua kiberiti?

Hakukasirika. Aliuliza, "Ubah, wewe ukitaka kaa liwake unafanya nini?"

"Nalipuliza."

"Kwa nini?"

"Lipate hewa."

"Basi unga huu umebeba ndani yake kile kitu kaa linachokitafuta kwenye hewa. Wenyewe hauungui. Kazi yake ni kuunguza vingine. Ukutane na mafuta, kitambaa, mbao, kaa, ni kama watu mia wamelipuliza kwa pamoja. Na ukiufunika hauzimi, maana hewa yake unayo."

Nilimsikiliza nikiwa bado na tabasamu, tabasamu lililosahaulika usoni kwa sababu mwenyewe alikuwa ameshaondoka. Akaendelea. Akanyoosha kidole kwenye alama ya manjano mlangoni, ileile. Alisema yeye alifundishwa kwamba lile duara ni hiyo hewa, na moto umekaa juu yake kwa sababu inaulisha. Halafu akasema neno ambalo mpaka leo nalisikia.

"Kitabu cha dawa kinasema pipa lisuuzwe, basi. Hakisemi litobolewe. Aliyekiandika hajatoka kwa watu wanaofukiza maziwa. Mimi nimetoka huko."

Akapandisha mkono wa gauni lake la dira. Kutoka kifundo mpaka kiwiko ngozi ilikuwa imekunjamana, nyeupe na nyekundu. Mwaka wake wa kwanza, alisema, alijichukulia pipa moja, akalisuuza mara moja tu kwa haraka, akalipeleka kwake akaliwekea kaa. Kituoni alisema ameungua kwa uji. Mwenye kovu usidhani kapoa. Tangu siku hiyo hakuna pipa lililotoka hapo zima, akasema, wacha waniite watakavyo.

Sasa nisemeje? Ningependa kuwaambia kwamba niliruka palepale. Sikuruka. Nilitazama langoni nikamwona Lochoro amekaa kwenye kiti chake, na nikafikiria watoto wake. Nikafikiria soko litakavyonicheka, mimi niliyemsema Sadia miaka minne. Nikanywa chai. Nilikunywa chai, wallahi, mama yangu akiwa nyumbani anapuliza makaa. Kisha nikauliza kwa upande upande, kama mtu anayeulizia bei ya kitu asichokitaka: na kama mtu, kwa mfano tu, angelipata pipa ambalo halikusuuzwa kabisa?

Sadia aliweka kikombe chini. Alisimama, akaenda nyuma ya stoo, akahesabu mapipa yaliyokuwa yakingojea maji. Siku zile mbili za ukame wa bomba hakuwa ameweza kusuuza, na kisichosuuzwa hakitobolewi, drili isije ikakutana na unga. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika.

"Liko wapi?"

Nikamwambia. Nilisema yote kwa pumzi moja, Lochoro, koti la mvua, picha, makaa. Alinikatiza kwa swali moja tu, saa ngapi mama hunywa chai. Saa tatu. Ilikuwa saa tatu na nusu.

Nilipiga simu. Iliita, iliita. Hooyo akifukiza huiacha simu chumbani kitandani, anasema moshi unaiharibu. Sadia alikuwa ameshachukua kinyago na glavu, na goti lile bovu sijui alilisahau wapi, maana alifika langoni kabla yangu. Tulipanda bodaboda moja, mimi katikati. Njia nzima alikuwa ananisemesha sikioni. Wasiweke blanketi. Wasiweke mchanga wakadhani wamemaliza. Wasimwage kikombe cha maji. Maji yawe mengi, mengi kabisa, au watu wakae mbali na upepo uwe mgongoni mwao. Nilikuwa narudia kwa sauti kama mtoto wa chuo cha Kurani anayekariri, na nilikuwa nalia.

Harufu tuliipata tukiwa bado kwenye kona. Kisha moshi, si mweusi wala mweupe, wa rangi chafu ya kijani. Plotini kwetu watu walikuwa wamejaa uani, na Hooyo alikuwa amelala juu ya mkeka chini ya ukuta wa jirani, amevutwa na wanawake, anakohoa kikohozi ambacho sitaki kukielezea. Mkono wake wa kulia niliutazama mara moja nikageuza macho. Jikoni vijana walikuwa wametupa gunia lililoloweshwa juu ya pipa, wakasimama wakijivunia, na chini ya gunia kitu kilikuwa kinapumua na kuunguruma, na gunia lenyewe likaanza kuwaka kutoka ndani.

Sadia hakupiga kelele. Alivaa kinyago, akawaonyesha kwa mkono waende upande ule upepo unapotoka, na wakaenda, sijui kwa nini, nadhani kwa sababu alikuwa mtu pekee pale aliyeonekana anajua. Aliomba maji. Mnajua maana ya kuomba maji Bulla Pesa baada ya siku mbili za mabomba makavu? Yalikuwa yamerudi asubuhi hiyo, kila mwanamke alikuwa amepanga foleni tangu alfajiri. Walileta yote. Mitungi ya lita ishirini ilipita mikononi, ishirini, thelathini, na Sadia peke yake ndiye aliyesogea na kumwaga, akirudi nyuma, akisogea tena, mpaka pale jikoni pakawa dimbwi na pipa likawa kitu kilichoyeyuka ndani yake. Hapo nilikumbuka kwamba maji yale yenyewe alikuwa ameyatia dawa yeye.

Hooyo alilazwa siku kumi na sita. Mkono ulipona vibaya lakini ulipona. Kifua kilitulia. Tulipomrudisha nyumbani nilimwekea mtungi uliofukizwa mbele yake, kama mtu anavyomwekea mgonjwa chakula anachokipenda. Aliunusa. Akaunusa tena, akiwa amefumba macho, kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama ulikuwa umefukizwa.

Pua ilikuwa imekwenda. Daktari alisema inaweza kurudi, inaweza isirudi. Mpaka leo, mwaka na nusu, haijarudi.

Mkubwa wa kituo alikuja nyumbani kuandika yaliyotokea. Sadia alikuwa ameandika ripoti yake mwenyewe na jina la kwanza kwenye makosa lilikuwa lake: aliacha pipa chafu mahali pasipofungwa kwa siku mbili. Aliandika hata habari ya mkono wake, ile ya uji, baada ya miaka kumi na moja. Lochoro alihamishwa kwenye visima vya nje, hakufukuzwa, kwa sababu Sadia alikwenda kumsemea mara tatu. Mimi nilisimulia habari ya lita mbili za maziwa, nikakubali. Kisha yule bwana akauliza ni nani aliyesema kwamba picha ile maana yake pipa linakubali moto.

Hooyo alijibu kabla sijafungua mdomo. "Ni mimi. Mtu akizeeka haoni vizuri. Niliona moto nikafikiri ni ruhusa."

Nikanyamaza. Mimi Ubah, mdomo wa soko zima, nikanyamaza, na bwana akaandika hivyo.

Siku hizi naenda kituoni kila Alhamisi. Mapipa yakishasuuzwa na kukauka, Sadia anashika, mimi nazungusha drili. Pipa jipya likifika tunalitazama pamoja, na bado namsumbua kwa maswali: kwa nini kifuniko hiki kina kitundu, kwa nini lile halikai karibu na tindikali. Soko la maziwa lote sasa linaijua ile alama ya manjano, maana niliichora kwa mkaa ukutani nikawaeleza wanawake mmoja mmoja. Nikiwaeleza nilikuwa nasema "mama yangu alidhani." Kila mara. Sadia alinisikia siku moja. Alishusha tu mkono wa gauni lake uliokuwa umepanda, taratibu, akafunika lile kovu aliloliita la uji, akanitazama.

Kila asubuhi mitungi ikiwa tayari Hooyo hunisogezea mmoja mmoja nimnusie. Anataka kujua kila kitu. Leo ni ejersa au kuna mti mwingine? Umekolea? Aliyefukiza alikuwa na haraka? Aliyefukiza ni yeye mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, lakini hawezi kujua mpaka nimwambie. Kesho yake baada ya Sadia kunitazama vile, nilinusa mtungi wa kwanza nikashindwa kuurudisha.

"Ni ejersa, Hooyo. Umekolea vizuri," nikasema. "Na ile picha, ni mimi niliyekuambia."

Alikuwa anafuta mtungi wa pili. Aliendelea kufuta.

"Najua," akasema. "Iliyopotea ni pua, si masikio."

Halafu akanisogezea ule wa pili, akaniuliza unanuka nini.